Ua la Kipupwe Juu ya Vilima vya Shaba

Katika nchi za Ulaya, ufikapo mwezi wa Desemba, bustani hulala. Miti husimama mitupu, majani yamekwisha kuanguka, na ardhi hufunikwa na theluji. Mwenye shamba hana la kufanya nje. Hukaa karibu na moto akingoja jua lirudi. Lakini hata katika baridi hiyo uko mmea mmoja usiokubali kulala. Huinua maua yake meupe katikati ya theluji, mara nyingi karibu na siku ya Noeli. Kwa hiyo watu wa huko waliuita Waridi la Noeli, ingawa si waridi hata kidogo. Wataalamu wauita Helleborus niger, na asili yake ni milima ya Alpes.

Wapenda bustani wameupenda sana ukoo huu wa mimea. Wamechukua chavua ya aina moja na kuitia katika ua la aina nyingine, wakapata machotara wa rangi nyingi: weupe, wa manjano, wa zambarau, hata wengine ambao weusi wao wakaribia weusi wa makaa. Mbegu za machotara hao hazizai watoto walio sawasawa na wazazi wao. Atakaye kuuhifadhi uzuri wa mmoja wao sharti aligawe shina pamoja na mizizi yake na kupanda vipande. Tena tusisahau kwamba mmea huo, pamoja na uzuri wake wote, una sumu tangu mzizi hata jani.

Labda msomaji wa Kolwezi atauliza: Ua la theluji latuhusu nini sisi tusiojua theluji? Latuhusu, kwa kuwa sisi nasi tunayo maua ya majira ya baridi. Hayakutengenezwa na mkono wa mtu yeyote. Waridi la Noeli lina sumu ndani yake. Maua yetu husimama juu ya udongo ambao kwa mimea mingine ni sumu, nayo hustawi. Watu wa mbali wamevuka bahari ili kuyatazama, na sisi twayapita kila siku bila kugeuza shingo.

VILIMA VISIVYO NA MITI

Anayesafiri kutoka Kolwezi kuelekea Fungurume, Likasi na Lubumbashi hupita katika nchi ya msitu wa miombo. Miti ni mingi, imesimama karibu karibu, na mara chache jicho laweza kuona mbali. Kisha kwa ghafula hutokea kilima kilicho kitupu. Msitu umesimama chini yake kama watu waliokatazwa kuingia uani. Juu ya kilima pana nyasi fupi tu, mawe, na maua madogo madogo.

Mgeni hudhani kwamba miti imekatwa na wachoma makaa. Sivyo. Katika vilima hivyo shaba na kobalti zimo karibu sana na uso wa ardhi. Mmea wa kawaida wahitaji shaba, lakini kwa kiasi kidogo sana, kama vile mchuzi uhitajivyo chumvi. Ikizidi, huharibu mizizi, mmea hudumaa, majani hugeuka manjano, na mwisho wake ni kufa. Chukua kilo moja ya udongo wa shamba la kawaida: shaba iliyomo haipiti makumi machache ya miligramu. Lakini kilo moja ya udongo wa kilima cha shaba yaweza kuwa na miligramu 10,000, yaani gramu 10, na pengine zaidi. Ndiyo sababu miti ya miombo husimama mpakani na kusema, Hapa basi.

Vilima vya namna hiyo vinapita 100 katika ukanda wa shaba wa Katanga ya zamani, ambao leo umegawanyika katika majimbo ya Lualaba na Katanga ya Juu. Ukanda huo una urefu wa kilometa 300 hivi, na kwa upande wa kusini waendelea hata Zambia. Kila kilima ni kama kisiwa, na bahari yake ni msitu. Viumbe wakaao kisiwani kwa muda mrefu, wasioweza kuvuka, hatimaye hujitenga na ndugu zao wa bara na kuwa na desturi zao wenyewe. Ndivyo ilivyokuwa kwa mimea ya vilima hivi. Aina zaidi ya 600 zimeandikwa kuwa huota katika udongo wa shaba na kobalti. Nyingi kati yake huota pia mahali pengine; lakini zaidi ya 30 hazipatikani popote duniani ila juu ya udongo huo.

UKOO WA MREHANI

Katika maua hayo lililopata sifa kuliko mengine ni lile liitwalo ua la shaba. Kwa hakika jina hilo limepewa mimea kadha wa kadha. Mmoja ni Haumaniastrum katangense, ambao waonekana zaidi upande wa Likasi na Lubumbashi. Ndugu yake ni Haumaniastrum robertii, na huyu ndiye wa kwetu, wa upande wa Kolwezi. Jina hilo refu ni heshima aliyopewa Lucien Hauman, mtaalamu wa mimea wa Ubelgiji.

Mama aliyezoea kupanda mrehani uani hatashangaa sana akiuona mmea huu. Ni wa ukoo mmoja na mrehani. Ni mmea mdogo, wenye shina lililosimama, na maua yake ni madogo sana, yamesongamana pamoja nchani na kufanya kichwa kimoja, kama watoto waliokumbatiana kwa ajili ya baridi. Ua moja pekee si kitu. Lakini maelfu yao yanapochanua pamoja, mteremko mzima huonekana kama umetandikwa zulia.

Huyu hayuko peke yake. Yuko Crotalaria cobalticola, wa ukoo wa maharagwe, mwenye maua ya manjano, ambaye jina lake lina maana ya mkazi wa kobalti. Wako wengine wa ukoo wa kunde, wengine wa ukoo wa mtama, na wengine wenye viazi chini ya ardhi.

MAJIRA YA KUCHANUA

Nchi ya Kolwezi iko juu, yapata mita 1,400 na zaidi juu ya usawa wa bahari, kando ya uwanda wa Manika. Mvua zake huanza kushika mnamo Novemba na kuisha Aprili. Baadaye huja miezi mikavu, na katika Juni na Julai usiku huwa wa baridi kali; katika nyanda za juu hata umande huweza kuganda ukawa mweupe alfajiri. Ndicho kipupwe chetu.

Mimea ya vilima vya shaba imegawanya mwaka kwa akili, kama familia iliyogawana kazi za nyumbani. Haumaniastrum ni mmea wa mwaka mmoja tu. Huota mvua zikiwa nyingi, hukua polepole, na mvua zinapoelekea kwisha ndipo huchanua. Nyasi zinaanza kukauka, naye ndiyo kwanza amevaa nguo zake za sikukuu. Hukomaza mbegu zake katika siku za ukavu na baridi, kisha hufa. Mbegu hubaki udongoni zikingoja mvua nyingine. Moto wa nyika upitapo mnamo Agosti au Septemba, haumkuti mwenyewe. Hukuta kijiti kikavu, na urithi umekwisha kuwekwa mahali pa salama.

Mingine hufuata njia tofauti. Huishi miaka mingi, lakini nguvu zake zote ziko chini ya ardhi, katika mizizi minene na viazi. Moto huunguza kilicho juu tu. Majivu yakiwa bado meusi, kabla hata ya tone la kwanza la mvua, huchomoza na kuchanua.

Yafaa tujiulize: kwa nini ua lichague shida? Waridi la Noeli huchanua miti ikiwa haina majani, na hivyo hupata mwanga wote lenyewe. Maua yetu nayo yamekimbilia mahali ambapo miti haifiki na kivuli hakipo. Mahali palipo pagumu kwa wote huwa na nafasi kwa yule aliyejifunza kupavumilia.

KIONGOZI WA WAHUNZI NA WACHIMBAJI

Shaba ya nchi hii haikuanza kuchimbwa na Wazungu. Karne nyingi kabla yao wahunzi wa Katanga waliiyeyusha katika tanuri za udongo na kuimimina katika kalibu zenye umbo la msalaba. Misalaba hiyo ya shaba ilisafiri mbali sana katika biashara. Wahunzi hao waliitwa wala shaba, na mwaka 1926 Jean-Félix de Hemptinne, wa shirika la Mtakatifu Benedikto, aliandika habari za kazi yao.

Ua la shaba latukumbusha wahunzi hao kwa namna ya ajabu. Walipoyeyusha mawe, takataka za tanuri zilibaki ardhini pamoja na shaba yake. Tanuri zilibomoka, watu wakahama, majina yao yakasahauliwa, udongo haukusahau. Haumaniastrum katangense aliota juu ya mahali hapo. Katika miaka ya karibu na 1980 wataalamu wa mambo ya kale na wa mimea waliyafuata mazulia ya maua hayo mahali pasipo na mgodi wowote, wakachimba, wakakuta mabaki ya tanuri za kale. Kaburi lisilo na jiwe lilikuwa na shada la maua.

Wachimbaji wa siku za karibu nao waliutumia ujuzi huo. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na mji wa Kolwezi ukaanzishwa mwaka 1937. Mwaka 1932 Walter Robyns, mtaalamu wa Ubelgiji, aliandika kuhusu mimea ya mashamba ya shaba ya Katanga. Na mwaka 1958 mwenzake Paul Duvigneaud akaeleza kwa kirefu jinsi mimea hiyo ilivyopangana kufuatana na madini yaliyomo udongoni. Katika miaka hiyo ya 1950, watafutaji wa madini wa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, walilitafuta ua jingine la shaba, la ukoo uleule wa mrehani, ili liwaonyeshe pa kuchimba.

Lakini ua si shahidi asiyekosa. Utafiti wa baadaye ulionyesha kwamba hilo ua la Zambia huota pia mahali pasipo na shaba. Mwaka 1996 wataalamu Paton na Brooks waliandika kwamba hata ndugu wa Haumaniastrum yafaa wasisadikiwe upesi mno kuwa dalili ya madini. Anayeona ua na kuchimba bila kupima udongo afanana na mtu aonaye moshi akadhani chakula kimeiva.

VUMBI JUU YA JANI

Mwaka 1977 mtaalamu Robert Brooks alitangaza jambo lililowashangaza wengi. Katika kilo moja ya majani makavu ya Haumaniastrum robertii alipima zaidi ya gramu 10 za kobalti. Haikujulikana mmea mwingine duniani wenye kobalti nyingi kiasi hicho. Watu wakaanza kufikiri kwamba labda mimea yaweza kupandwa ili ivute madini na kusafisha udongo.

Miaka 30 baadaye, mwaka 2007, Michel-Pierre Faucon na wenzake waliyachunguza tena mambo hayo. Waliosha majani kwa uangalifu kabla ya kuyapima, wakaona kwamba hesabu nyingi za zamani huenda zilikuwa kubwa mno. Sababu yake ilikuwa nini? Vumbi. Madini mengine hayakuwa ndani ya jani. Yalikuwa juu yake tu, yameletwa na upepo na kunaswa na vinyweleo vya jani. Mmea ni hodari kweli, lakini sifa zake zilikuwa zimeongezewa chumvi na vumbi.

Habari hii yaonekana kuwa ya wataalamu peke yao, kumbe yaingia hata jikoni. Ikiwa vumbi la madini hukaa juu ya jani la mmea wa kilimani, litaacha kukaa juu ya lengalenga na matembele ya bustani iliyo karibu na mgodi, au karibu na njia ya malori? Mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu na wenzake, wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na cha Leuven, walitangaza matokeo ya kupima mikojo ya watu wa Katanga. Wale waliokaa karibu na migodi na viwanda vya kuyeyushia madini walikuwa na kobalti nyingi mno mwilini, na watoto walizidi watu wazima. Mtoto hucheza chini, hutia mkono kinywani, naye yu karibu zaidi na vumbi kuliko baba yake.

Kwa hiyo wazazi wazingatie haya. Mboga zioshwe kwa maji safi mara mbili au tatu, hata zikionekana safi. Watoto wanawe mikono kabla ya kula. Baba atokaye kuchimba au kubeba mawe avue nguo za kazi nje, wala zisifuliwe pamoja na nguo za mtoto mchanga. Nyumba ipanguswe kwa kitambaa chenye maji, maana ufagio mkavu huamsha vumbi tu. Bustani ya mboga isilimwe juu ya takataka za mgodi. Kuosha huondoa kilicho juu ya jani. Kilichonyonywa na mizizi hakioshwi. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee.

KILIMA KIKIONDOKA

Sasa tufike penye uchungu wa habari yenyewe. Maua haya yanaishi juu ya shaba na kobalti, na dunia nzima yazitaka shaba na kobalti. Shaba hupitisha umeme. Kobalti huingia katika betri za simu na za magari. Zaidi ya nusu ya kobalti yote ichimbwayo duniani hutoka Kongo, na sehemu kubwa yake hutoka Lualaba. Mgodi unapofunguliwa, kilima huondolewa chote. Hapo palipokuwa na kilele huwa na shimo.

Hapana anayesema kwamba shaba isichimbwe. Familia nyingi za Kolwezi zimekula, zimevaa na zimesomesha watoto kwa kazi ya mgodini, tangu siku za Union Minière, na za Gécamines iliyoirithi baada ya mali yake kutaifishwa mwaka 1967, hata leo. Lakini yafaa kujua tunalipa nini. Chotara wa bustani za Ulaya akifa, mtunza bustani aweza kuchanganya tena wazazi wake na kupata mwingine wa kufanana naye. Ua lililozoea kilima kimoja kwa maelfu ya miaka halina wa kuliumba upya. Mwaka 2010 Faucon na wenzake walipoorodhesha mimea isiyopatikana ila katika udongo wa shaba wa Kongo, waliona kwamba sehemu yake kubwa imo katika hatari kuu ya kutoweka, na kwamba mingine huenda imekwisha kutoweka. Usiache mbachao kwa msala upitao: shaba ni msala upitao, siku moja mgodi utafungwa.

Siku hiyo ndipo maua haya yatakapohitajiwa. Nani atafunika mashimo na vilima vya takataka? Muhindi hautaki, mwembe hautaki. Mimea iliyokwisha kujifunza kuishi na shaba ndiyo iwezayo kuushika udongo usipeperushwe na upepo na kuingia vifuani mwa watoto. Mjini Lubumbashi, Mylor Shutcha wa Chuo Kikuu cha mji huo, pamoja na wenzake, alijaribu nyasi za vilima vya shaba katika udongo ulioharibiwa na moshi wa kiwanda, akitia chokaa na mbolea ya takataka, ili kuona zipi zashika. Huko Fungurume nako mgodi wa Tenke Fungurume, wataalamu wa Gembloux wa Ubelgiji na wale wa Lubumbashi wamekusanya mbegu za maua ya shaba, wakahamisha mimea na hata vipande vya udongo pamoja na mizizi, na kuvipanda mahali pengine. Si mimea yote ikubaliyo kuhama. Mingine hukataa kama mzee akataavyo kuondoka kijijini kwake. Lakini ghala ya mbegu ni bora kuliko majuto.

Wanafunzi nao wana kazi katika jambo hili. Shule iliyo karibu na kilima kisichochimbwa yaweza kufanya kitabu cha maua: tawi moja moja la kila aina, likandamizwe kati ya karatasi za gazeti chini ya kitu kizito mpaka likauke, kisha liandikwe mahali lilipochumwa, tarehe, rangi, na jina ambalo wazee wa hapo hulitumia. Mmea using'olewe na mizizi yake, na pale ulipo mmoja tu, usiguswe. Mtoto asiingie katika mashimo wala katika eneo la mgodi kwa ajili ya ua. Kitabu cha namna hiyo, kikiandikwa mwaka hata mwaka, kitasema ni ua gani lililochanua Mei na lipi lililongoja moto wa Agosti. Na ikitokea kilima kuondolewa, majina ya waliokuwa wakazi wake hayatapotea pamoja na mawe.